GPS ya lori au Google Maps? Nawajibu leo, msiniulize tena

Haya wadau, leo nimeegesha lori Ohio, Marekani, nasubiri saa zangu za kuendesha zirudi, kwa hiyo muda ninao. Nikipandisha video ya theluji, swali ni lile. Nikipandisha ya kupika pilau ndani ya lori, lile lile: "Bro, Garmin kubwa hiyo ya nini wakati Google Maps ni bure?" Na chini yake hakosi mmoja: "Anatuonyesha ana hela." Hela gani, ndugu yangu? Garmin ni kifaa cha GPS cha kuonyesha njia, ni cha kazi, kama turubai kwa dereva wa Tunduma.

Google Maps ni nini sisemi, mnaijua. Nikiwa na gari dogo hata mimi naitumia, au Waze, ambayo Google waliinunua 2013, kwa sababu kule madereva wanatonyana askari kasimama wapi. Tatizo ni kwamba zote mbili hazina pa kuandika kwamba umevuta trela. Trela ya kawaida huku ina kimo cha futi 13 na inchi 6. Sasa pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8, limechuna mapaa ya malori mpaka likawa na watazamaji wake mtandaoni. Mwaka 2019 wakaliinua, likafika futi 12 na inchi 4. Piga hesabu mwenyewe. Bado linachuna! New York nako kuna parkway, barabara za magari madogo tu, madaraja yake ya chini. Google Maps ikiona ndiyo njia ya mkato inakupeleka. Ukikwama humo, faini yako, paa lako, na kazi pengine umeaga.

Garmin ya lori unaiambia kimo, urefu, uzito, na kama umebeba mzigo wa hatari, ndipo inakuchagulia njia. Haiko sahihi siku zote, kibao cha barabarani ndicho bosi. Kwenye simu nina Trucker Path, programu ya madereva wa malori, hiyo naipendea mizani: madereva wanaripoti ipi iko wazi na ipi imefungwa, na wapi pamebaki nafasi ya kuegesha. Ikifika saa mbili usiku, kupata maegesho ni vita, na sheria inakupa saa 11 tu za kuendesha kabla ya kupumzika, na kifaa kingine ndani ya lori kinazihesabu, hudanganyi mtu.

Kuna dada kauliza kama Garmin inakula bando. Haili. Mawimbi ya satelaiti ni ya bure, serikali ya Marekani inayarusha kwa dunia nzima. Kifaa kinapokea tu, kikizishika satelaiti nne kinajua kilipo. Kinachokula bando ni kushusha ramani, na Garmin inakuja nayo ndani. Ndiyo maana ukiwa Wyoming, mtandao umekata, Garmin inaendelea kuongea.

Sasa hela, maana ndiko mnakotaka. Hiki kifaa ni mamia ya dola. Kampuni yangu ya kwanza, jina sitaji, walisema GPS watanipa wao. Wakanipa kweli! Halafu nikaona inakatwa kwenye malipo ya kila wiki, pamoja na bima na amana. Naondoka, wakachukua kifaa, na makato hayakurudi. Nimelipia kitu kikabaki chao. Kisa nini? Huku wengi wetu tunaandikishwa kama wakandarasi, siyo waajiriwa, kwa hiyo kila kitu juu yako, kodi unajipangia mwenyewe. Silalamiki, watoto wanasoma. Ila mtu akisema naringa, nachoka.

Na wanaotaka kuja: msitegemee sauti ya kifaa, hata ukiiweka lugha uipendayo. Tangu Juni 2025, mkaguzi akikusimamisha ukashindwa kuongea Kiingereza au kusoma alama za barabarani, unazuiwa kuendesha hapo hapo. Mambo ya leseni kwa wageni ni mlima mwingine, leo siupandi.

Haya ni yangu mimi, kwa njia zangu na mfuko wangu. Jirani yangu hapa, mzee wa Kikongo, ana atlasi ya karatasi ya madereva wa malori ya Rand McNally, anaifungua usiku, anaandika namba za barabara kwenye kikaratasi, na mapato yake yananizidi. Mimi nisingeweza.

Mlioko Dar mnaotaka ya bure isiyo na bando, jaribuni programu za simu za Organic Maps au OsmAnd, ukishashusha ramani mara moja basi. Zinatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wenyewe, na Dar imo vizuri kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo wakachora mitaa ya mafuriko kama Tandale, hadi mifereji. Foleni za papo hapo hamtaziona humo, kwa hizo rudini Google.

Na wewe unayetaka nikutumie Garmin kwa mtu anayekuja Desemba: hii yangu ina ramani ya Amerika Kaskazini. Ukiiwasha Kariakoo itakuonyesha mshale juu ya uwanja mtupu. Mwambie akuletee viatu.