Mvumo wa Kufuta na Mvumo wa Kuacha: Kazi ya Fundi Sanifu katika Idara ya Sanaa

Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri, wanafunzi na mafundi wenzangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia kazi ambayo siku nyingi hufanyika nyuma ya mlango wa stoo.

Barua yangu ya ajira inanitaja kuwa fundi sanifu wa picha na sauti. Wengi wakisikia cheo hicho humfikiria mtu wa funguo, ambaye hufungua kabati asubuhi, humwandikisha mwanafunzi kwenye daftari la kuazima, humkabidhi kamera na jioni huidai. Kazi hiyo ipo na naifanya kila siku. Lakini nimekuja kusema kwamba katika idara ya sanaa fundi ni mwalimu, ingawa jina lake halimo kwenye ratiba ya vipindi, na kwamba somo lake kubwa ni kumfundisha mwanafunzi kusikiliza kabla hajabonyeza kitufe chochote.

Naomba nianze na tukio. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alirudi kutoka Dodoma na rekodi ya mzee wa Kigogo akipiga ilimba, ala ya sanduku lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Alikuwa kijana makini, ambaye nilikuwa nimemfundisha mwenyewe namna ya kusafisha sauti kwa programu ya kuhariri. Aliposikia mvumo unaoandamana na kila chuma kinapopigwa, mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, aliona ni dosari ya maikrofoni, akakaa usiku kucha akiupunguza kidogo kidogo mpaka ukaisha. Asubuhi alikuja kunisikilizisha. Sauti ilikuwa safi, lakini haikuwa ya ilimba tena. Mvumo ule hutokana na utando wa buibui ambao mtengenezaji huubandika juu ya vitundu vya sanduku la ala kwa makusudi kabisa, ili kila mlio utoke ukitetemeka, na mvumo wa namna hiyo ndio mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alioupeleka katika majukwaa ya dunia. Kijana wetu alikuwa ameifuta nafsi ya ala akidhani anaondoa uchafu.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nilimfundisha kuondoa mvumo bila kumuuliza anakwenda kurekodi nini. Faili la awali tulilikuta, kwa kuwa sheria yetu ni kwamba hakuna anayehariri juu ya faili la kwanza, na kazi yake ikaokoka. Tangu siku hiyo sikabidhi kinasa sauti kabla ya mwanafunzi kuniambia ala, mahali na saa. Kama ni ngoma, itapigwa chini ya mwembe au ndani ya ukumbi wa bati? Kuna msikiti karibu, na adhana itaingia saa ngapi? Jirani ana jenereta? Maswali hayo huchukua dakika kumi, na mara nyingi mwanafunzi huondoka na maikrofoni tofauti na ile aliyokuja kuiomba.

Upo pia mvumo ambao lazima tuukatae, yaani ule wa umeme. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na waya wa maikrofoni ukilazwa sambamba na waya wa umeme, mvumo huo huingia kwenye rekodi. Ndiyo maana napenda waya wa njia mbili wenye pini tatu, ambao hubeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Uchafu wa njiani huzipata njia zote mbili sawasawa, na mashine inapoigeuza tena ile ya pili na kuziunganisha, uchafu hujifuta wenyewe na sauti hubaki. Mwanafunzi akilielewa hilo hauzungushi tena waya kati ya kiganja na kiwiko kama kamba ya mbuzi, kwa sababu anajua kwamba nyuzi za ndani zinasokoteka mpaka zinakatika. Ninamwonyesha kwa mikono: duara moja kwa mbele, la pili umepindua kiganja, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha ukiurusha waya sakafuni unafunguka bila fundo.

Umeme huohuo huonekana kwenye picha. Taa nyingi za madarasani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni ila kamera huinasa. Kamera zilizopangwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako umeme huenda na kurudi mara 60, zikitumika hapa bila kubadilishwa huleta mistari inayopanda na kushuka kwenye ukuta mweupe. Kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde na mlango wa kamera kufunguka kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari hutoweka.

Nimalizie na jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni joto na unyevu wa pwani. Lenzi ikirudishwa kwenye mkoba ikiwa na unyevu na kuachwa likizo nzima, ukungu huota ndani ya kioo kama mizizi myembamba, na mara nyingine haiponi. Kanda nazo huoza. Tukumbuke kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo kanda ambazo idara za sanaa zilijirekodia zenyewe, za mitihani ya jukwaani, ngoma na mazungumzo na wazee, mara nyingi hazina nakala mahali pengine popote. Kanda ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato, na kabla ya hapo ni lazima mtu aifungue, aikague na asafishe kichwa cha mashine, yaani sehemu inayoisoma kanda.

Kwa hiyo ninaiomba Idara mambo mawili. Kwanza, kabati kavu lenye kipimo cha unyevu, ili lenzi na kanda zikae kwenye unyevu wa kati ya asilimia 40 na 50. Pili, muda wa saa nne kila wiki ambao fundi hataitwa kufunga projekta wala kutafuta waya wa spika, bali ataketi na kanda hizo pamoja na wanafunzi wawili, ambao wataandika majina ya wapigaji, ala na mahali kadiri picha inavyopita. Mashine ya kuchezea kanda tuliyobaki nayo ni moja tu, na kichwa chake kinalika kila saa inapofanya kazi.