Karate kwa mwenye mwili mkubwa: dakika 20 za kwanza

Assalaam aleikum, karibuni. Niko darini kwetu Mji wa Kale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na vyombo vya chai bado havijaoshwa. Saa hii nimeichagua makusudi. Ikifika saa nne, joto la Mombasa na unyevu wa bahari vitakumaliza pumzi kabla ya ngumi ya kwanza.

Gawa kilo zako kwa kimo chako cha mita, jibu uligawe tena kwa kimo hicho hicho. Likifika 30, video hii ni yako. Mimi nilianza na kilo 118, kimo mita 1.72, jibu karibu 40, na siku ya kwanza nikajitia kurusha teke la kichwani. Goti likaniweka kitandani wiki mbili. Basi leo hakuna kuruka, wala teke la kupita kiuno.

Mwenye presha, moyo au sukari amwone daktari kwanza. Unayetumia insulini, weka juisi karibu.

Lete kiti cha mbao, kiegemeze ukutani. Si vile vyeupe vya plastiki vya harusini, tafadhali. Ukivielemea miguu yake hutanuka, mkashuka pamoja.

Dakika 5 tembea papo hapo, ukizungusha mabega.

Sasa simama. Tazama miguu yangu: upana wa mabega, kisha wa kushoto hatua moja mbele. Kunja goti kidogo tu, lielekee kidole cha pili, lisiangukie ndani. Tumbo likikuzuia kuliona goti, usione haya, mwite mtu wa nyumbani akutazamie. Mimi alikuwa akinitazamia mpwa wangu wa miaka tisa, na hana huruma yule.

Ngumi ianzie kiunoni, kiganja juu. Wengi hurusha kwa bega, ndiyo maana huchoka upesi. Fanya hivi: kisigino cha nyuma kisukume sakafu, nyonga igeuke, ndipo mkono ufuate. Ngumi igeuke mwishoni, na mkono wa pili urudi kiunoni wakati huo huo. Kiwiko usikinyooshe kabisa. Narudia polepole… kisigino, nyonga, mkono. Na toa pumzi kwa sauti, "hsss!" Ukiibana, presha hupanda. Kumi kulia, kumi kushoto.

Teke sasa. Shika kiti, inua goti, nyoosha mguu mbele, ukunje tena, halafu ushushe taratibu kama unayekanyaga mayai. Usiudondoshe, kule kuushusha ndiko kunakojenga paja, na paja ndilo linalolisaidia goti. Kusimama kukikushinda, keti ukingoni mwa kiti upige hapo hapo.

Changanya sasa: ngumi na teke dakika 2, pumzika 1, mara nne. Uweze kuongea, ila kuimba kukushinde. Ukiweza kuimba taarab nzima, ongeza kasi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, keti, acha kwa leo. Maumivu ya kifua yasipoondoka, kimbilia hospitali.

Siku tatu kwa wiki zatosha kuanzia. Hiyo ni saa moja, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150, kwa hiyo zilizobaki zitembee jioni pale ufukweni Mama Ngina. Mihogo ya kukaanga ya pale naijua, nami naipenda, lakini dakika 20 hizi hazijailipia. Kila kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Mimi goti ndilo lililonipa habari kabla ya mizani, siku niliyopanda ngazi za hapa darini bila kushika ukuta.

Malizia dakika 3 za kutembea mpaka pumzi itulie, unywe maji. Kiti usikirudishe mbali, kesho kutwa tunakihitaji kwa somo la kukinga.