Silika Haijashika: Tazameni Joto Kabla ya Kuongeza Sileni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: silika (unga mweupe wa kuimarisha mpira) isiposhika mpira asilia, msikimbilie kuongeza sileni (kemikali ya kuiunganisha na mpira). Tazameni kwanza kipi kilitangulia kuingia kwenye mashine ya kuchanganyia na joto lilifika wapi.

Silika inapenda maji, na chembe zake zinapenda kushikana zenyewe. Mpira haupendi maji hata kidogo. TESPT, sileni tunayoitumia, ndiye mshenga: upande mmoja anashika silika na kuachia ethanoli, upande wa pili ana salfa ya kuungana na mpira wakati wa kuiva. Sasa mtu anachukua kwa uzito mpira sehemu 100, silika 50, TESPT 4, kisha anamwaga zinki oksidi humo humo, dakika ya kwanza! Zinki inawahi kukalia silika, mshenga akifika anakuta nafasi imejaa. Kumwongeza mwenzake kutasaidia nini? Zinki oksidi 3 na asidi steariki 2 ni za hatua ya pili. Naomba mliandike hilo. Protini za mpira wenyewe nazo zinagombea uso huo huo. Tusimwongezee mshenga wagomvi.

Hatua ya kwanza iende hivi. Ponda mpira dakika 1. Tia nusu ya silika na sileni yote. Dakika moja na nusu baadaye, silika iliyobaki na mafuta. Joto likifika nyuzi 140 za Selsiasi, punguza mwendo wa rota (mikono ya kukorogea ya mashine), lishike kati ya 140 na 150 kwa dakika 3. Msitegemee kipimajoto cha ukuta wa mashine peke yake. Chomeni sindano kwenye donge lenyewe linapotoka. Chini ya 130 sileni inasuasua. Ukipita 160 TESPT inaachia salfa, donge linaanza kuiva kabla halijaona kalibu: linatoka gumu, na kwenye rola (mashine ya wazi ya silinda mbili za kukandia) linapasuka kingo. Na ethanoli inashika moto, feni ya kuvuta hewa isizimwe.

Mtasema, mbona tulitia DPG (kiharakishi cha kuiva) na kazi ikaenda? Ilienda, kwa sababu DPG inaharakisha sileni. Lakini ikipata moto inaachia anilini, mvuke wenye sumu, na anayeivuta ni kijana aliyesimama kwenye rola. Iondoeni. Sileni itashika polepole, basi ongezeni dakika 1 au 2 kwenye joto lile lile. Silika nayo itanyonya viharakishi vya kuiva na mpira uchelewe kuiva. Hapo tieni poliethilini glaikoli 2, hatua ya pili, isitangulie, maana nayo inakalia silika. TMTD, kiharakishi kingine, pia iondoke, inazaa nitrosamini yenye sumu ya saratani. Badala yake tieni viharakishi TBzTD 0.3 na CBS 1.5, pamoja na salfa 1.5, kwenye rola, chini ya nyuzi 100.

Mwenye rola tu? Rola ya wazi haitashika 140 kwa usalama. Nunua silika iliyokwisha kufungwa sileni.

Mafuta ya hatua ya kwanza: TDAE (mafuta ya aromatiki yaliyosafishwa). Yale meusi ya aromatiki Ulaya iliyabana kwenye matairi tangu 2010.

Kabla ya salfa kuingia, pimeni mpira uliofungwa na silika. Gramu 0.2 za donge zilizokatwa vipande vidogo, ndani ya kikapu cha waya wa chuma cha pua, kwenye toluini (kiyeyushi cha mpira) kwa saa 72, toluini ikibadilishwa kila siku, chini ya kofia ya kuvuta mvuke. Kikapu cha pili kikae kwenye toluini yenye mvuke wa amonia: amonia inaachanisha mshiko wa juujuu, mpira unaobaki ndio uliofungwa na sileni kweli. Fanyeni kwa donge lililotangulizwa zinki na lile lililocheleweshewa, muweke vikapu pamoja mlinganishe.

Unyevu wa silika sitaufikia leo. Ila gunia likishafunguliwa, fungeni mdomo.