Siku ya Pili Baada ya Mbio, Maji Yataenda Wapi?

Karibuni, vijana wa uhandisi, wa usanifu majengo na wa jiografia. Michoro yenu ya uwanja wa mbio za huku Mlima Elgon, Uganda, mliyobandika ukutani, ina majukwaa, lango la kumalizia mbio na maegesho ya magari. Mtaro wa maji haumo hata katika mchoro mmoja. Basi tutaanzia hapo, na huenda tukaishia hapo hapo.

Kapchorwa ndiko walikotoka wakimbiaji Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, kwa hiyo mashindano huku Elgon yatazidi kuja. Wenzenu wa Italia mnaochora nao kwa intaneti wanaijua Cesana Pariol, njia ya kuteleza barafuni iliyojengwa kwa Olimpiki ya Torino ya 2006 na kuachwa kabla ya kutimiza miaka kumi. Wao wamebakiwa na saruji mlimani. Sisi tunabakiwa na udongo ulioshindiliwa.

Chukueni maegesho ya mita 100 kwa 70. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 40, hapo pana lita 280,000: matangi 28 ya lita elfu kumi kumi. Nyasi na udongo uliolegea vilikuwa vikinywa sehemu kubwa. Magari yakishakanyaga kutwa, udongo unajifunga, na maji yanashuka kwa pamoja hadi kwenye kahawa ya mtu.

Kuna atakayesema: mbio ni za siku moja tu. Magari ndiyo ya siku moja! Udongo haulegei wenyewe magari yakiondoka. Lazima utifuliwe na nyasi zipandwe upya.

Mwingine atasema: tuchimbe fanya juu, yaani mtaro wa kukingama mteremko ambao udongo wake hutupwa upande wa juu. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Fanya juu imeokoa mashamba ya Machakos, Kenya, ila Machakos shida ni ukame, na mtaro ule huzuia maji ili yazame. Huku Elgon, wilaya za Bududa na Bulambuli, shida ni huko kuzama kwenyewe. Mfinyanzi mzito ukijaa maji unaongezeka uzito huku nguvu yake ya kushikana ikipungua, kisha mteremko mzima unaondoka. Ndivyo mlima ulivyoporomoka hapa: Nametsi, 1 Machi 2010. Bukalasi, 11 Oktoba 2018. Masugu, 27 Novemba 2024. Watu walikuwa ndani ya nyumba zao. Kuchimba mtaro wa kuzuia maji karibu na ufa wa mteremko ni kuulisha ufa.

Tunachotaka ni mtaro wa kuyaondoa maji: upana sentimita 50, kina 50, udongo utupwe upande wa chini, mwinamo wa asilimia moja, yaani sentimita moja kwa kila mita. Ukiinama zaidi, maji yanakula sakafu yake. Ukilala mno, tope linajaa na maji yanafurika katikati. Pima kwa fremu ya herufi A. Funga miti miwili ya mita 2 kwa juu, itanue miguu iachane mita 2, kaza ufito katikati, ning'iniza jiwe kwa kamba ipite mbele ya ufito. Weka alama kamba inapogusa, badilisha miguu mahali pake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Watu huruka hatua hii, kisha mtaro wao unapanda mlima. Halafu funga kipande cha mti chenye unene wa sentimita 2 chini ya mguu wa mbele, ule unaoelekea maji yanakokwenda. Kamba ikitulia kwenye usawa, umepata asilimia moja.

Na mwisho wa mtaro uwe kwenye kijito chenye mwamba, au njia iliyopangwa mawe na nyasi. Ukiuishia shambani mwa jirani umemchimbia korongo.

Muda unakimbia. Msikate kitako cha mlima ili mpate tambarare ya jukwaa. Kitako ndicho kinachobeba kilicho juu. Mashimo ya vyoo yasikae juu ya nyufa. Mitaro isafishwe kabla ya mvua za Machi, na jina la msafishaji liandikwe kwenye mchoro wenyewe. Ya taka tutayazungumza siku nyingine.

Kesho saa moja asubuhi kila kundi lije na miti miwili ya mita 2, ufito wa mita moja na robo, kamba, jiwe, panga na vigingi 30. Kompyuta ziacheni bwenini.