Nakala Iliyotengwa: Kuzilinda Kompyuta za Ofisi Zetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, makarani wa ofisi za wilaya, wafanyabiashara wa Chake Chake na nyote mliotoka Wete na Mkoani kwa jua hili, nakushukuruni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya hatari zinazoziandama kompyuta zetu na namna ya kujikinga nazo. Mambo ni mengi, nami nimeamua kushika neno moja, kutenga, kwa kuwa kila nikiyachunguza mashambulio makubwa ya miaka hii naona kwamba aliyenusurika alikuwa na kitu kilichokaa mbali na vyengine, mara nyengine bila ya yeye mwenyewe kukusudia.

Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya ilizuka Ukraine, ikiwa imefichwa ndani ya sasisho la programu ya hesabu za kodi iliyokuwa ikitumiwa na makampuni mengi ya nchi hiyo. Ilijifanya inafunga mafaili na kudai fidia ili iyafungue, lakini kwa hakika iliharibu tu, maana hata aliyelipa hakuwa na njia ya kurejeshewa mafaili yake. Miongoni mwa walioathirika ni Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, iliyolazimika kuziweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, yaani kompyuta kuu zinazozihudumia nyengine. Seva zake zilizotunza majina ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Ni mpango mzuri ikiwa itaharibika moja, lakini siku ile ziliharibika pamoja. Iliyosalimika ni moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Ndugu zetu wa Unguja, waliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008 baada ya umeme unaotoka Tanzania Bara kupata hitilafu, sidhani kama watafurahi kusikia kwamba kukatika kwa umeme kuna faida zake.

Mimi mwenyewe sikuhitaji kwenda Ghana kujifunza jambo hili. Katika ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, tulinunua diski ya nje kwa ajili ya nakala za akiba, na kwa kuogopa kusahau tukaiacha imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Asubuhi moja karani alifungua kiambatisho kilichojiita ankara, na kabla ya Adhuhuri mafaili yote yalikuwa yamefungwa, ya kwenye kompyuta na ya kwenye diski, kwa kuwa kwa kirusi ile diski ilikuwa ni folda tu kama folda nyengine. Kilichotuokoa ni flashi iliyobaki mkobani mwa mwenzetu aliyekuwa likizo ya uzazi. Tulipoteza kazi ya wiki saba. Bila ya mkoba ule tungepoteza ya miaka.

Basi kanuni ya mafundi ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja ikae jengo jengine kabisa. Ofisi ya Wete inaweza kuweka diski yake Chake Chake, na skuli inaweza kukabidhiana na skuli ya jirani. Diski ichomekwe wakati wa kunakili, kisha ichomolewe, na angalau mara moja kwa muhula mtu ajaribu kurejesha mafaili kutoka humo, kwa sababu nimeona diski zilizotunzwa kwa heshima kubwa ambazo ndani yake hamkuwa na kitu.

Ufa alioupitia NotPetya ndani ya Windows haukuwa mgeni. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo wa 2017 programu hasidi nyengine, WannaCry, ilikuwa imekwishaupitia, ikaingia katika nchi zipatazo 150 na kuzivuruga hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba tangu tarehe 14 Machi. Najua kwa nini tunazima masasisho hapa kwetu: bando linaisha. Hata hivyo, usiku mmoja wa bando kwa wiki ni gharama ndogo, na Windows iliyovunjwa, ile ambayo fundi anakupachikia bure kutoka kwenye flashi yake, ni ghali kuliko unavyodhani, kwa kuwa hujui kilichoongezwa ndani.

Wizi unaotugusa zaidi, lakini, hauvunji kompyuta hata kidogo. Nyote mmepokea ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wenye hoteli na wanaoagiza bidhaa hukutana na ndugu yake aliyevaa suti: mdukuzi anamlaghai mhasibu aandike nywila yake katika ukurasa bandia, anaingia katika kisanduku cha barua pepe, anakaa kimya akisoma wiki kadhaa, na siku ya ankara halisi anaandika kwa lugha ile ile kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kinga yake ni njia iliyotengwa: mpigie simu muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

Njia hiyo ya pili iwe imetengwa kweli. Februari 2016 wezi waliingia katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya malipo kwenda benki ya Federal Reserve ya New York, ambako Bangladesh iliweka fedha zake, wakafanikiwa kuondoka na dola milioni 81. Benki ilikuwa na printa iliyochapa kumbukumbu ya kila agizo, lakini printa yenyewe ilitegemea mitambo ile ile iliyokwishaingiliwa. Ikaacha kuchapa, na wahusika wakadhani ni ubovu wa kawaida. Dola nyengine milioni 20 zilizokuwa zikielekea Sri Lanka zilizuiliwa kwa sababu wezi waliandika "fandation" pale palipostahiki "foundation", na mtu wa benki nyengine, aliyekuwa nje ya mfumo ule, akauliza.

Kuhusu nywila nitakuwa mfupi. Kila akaunti iwe na yake, ndefu, na ukishindwa kuzikumbuka ziandike katika kijitabu ukiache nyumbani. Mafundi wengine hawatanisamehe kwa kauli hii, lakini mwizi aliyeko ng'ambo hawezi kufungua mtoto wa meza yako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uulizwe pia namba ya muda mfupi, na ukiweza ipate namba hiyo kwa programu maalumu badala ya ujumbe wa simu, kwa kuwa laini inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwengine.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa namba 15040. Sasa, kabla ya maswali, toeni simu zenu mbonyeze *106#, muangalie laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Atakayeona laini asiyoijua abaki, tutakaa naye baada ya Alasiri.