Msiandike "Kawaida"

Mhadhara kwa wakunga na makarani wa kumbukumbu za afya, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Walionisikia kabla wanajua nimekuja kugombana na neno gani, na naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Neno ni lile lile: kawaida.

Kuna mama alijifungua katika hospitali moja ya visiwa hivi, sitaitaja. Mwenyeji wa Manyara, mumewe askari kahamishiwa huku. Faili lake nimelishika kwa mikono yangu. Mwandiko mzuri, presha ipo, wingi wa damu upo, mapigo ya moyo wa mtoto yapo. Mkunga wa jioni kampima njia, kaandika sentimita tano, na mbele yake: "Njia ya uzazi: kawaida." Zamu ya usiku ikapokea hiyo kawaida kama ilivyo.

Kawaida gani jamani? Mama huyu alikeketwa. Kinembe hakipo. Mashavu ya ndani hayapo. Mahali pake pana kovu gumu, ukiligusa kwa kidole linakataa kutanuka. Kichwa cha mtoto kilipofika, kovu halikunyumbuka, msamba ukachanika mpaka kwenye misuli ya haja kubwa, damu ikamwagika. Alipona, alhamdulillahi, yeye na mwanawe. Na faili likafungwa hivi: "Amejifungua. Msamba umechanika, ameshonwa." Karani akasoma, akaweka msimbo wa O70, yaani msamba kuchanika wakati wa kuzaa. Mwisho wa habari.

Karani hana kosa! Karani hamuoni mgonjwa, anaiona karatasi, na haruhusiwi kubuni kisichoandikwa. Ukimwandikia "kovu la zamani" atakuwekea kovu la ngozi, kana kwamba yule mama alimwagikiwa na uji utotoni. Kisha mwisho wa mwaka takwimu zinatoka, tunaambiwa visiwani hakuna hata mzazi mmoja mwenye tatizo hili, na sisi wenyewe tunashangilia. Na yule mama akishika mimba nyingine? Atakayempokea atajua kwamba aliwahi kushonwa. Kwa nini alichanika vile, hajui, na atampokea kama mzazi mwingine yeyote.

Najua huyu hapa mbele anataka kuniambia, "Bi, hayo ya bara, huku kwetu hayapo." Kwa wenyeji ni kweli, ni nadra mno. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kumi Tanzania, wa miaka 15 hadi 49, amekeketwa. Manyara ilikuwa asilimia 58, huku kwetu haikufika hata moja. Sasa niambieni, mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa yanafanyiwa kazi na nani? Makambi je? Vyuo je? Boti ikitia nanga pale bandarini Malindi, Unguja, kuna mtu anaulizwa katoka mkoa gani kabla ya kushuka? Na huo unadra ndio unaonitia hofu zaidi. Mkunga wa Tarime, kule Mara, akiona anatambua, maana kaona wengi. Wewe hujaona, macho yako yanapita, mkono unaandika kawaida.

Mwingine atasema kumuuliza ni aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walikuwa hawajui faili ni kitu gani. Funga pazia, mtoe shangazi mtu nje, uliza kwa sauti ya chini: "Mama, ulipokuwa mdogo uliwahi kukatwa huku chini?" Basi. Usikunje uso, usiite wenzako waje kuchungulia, hiyo tabia mnaijua. Wala usimtishe na polisi. Yeye ndiye aliyetendewa, tena alikuwa mtoto.

Halafu andika aina. WHO, Shirika la Afya Duniani, wamezigawa nne: ya kwanza kinembe, ya pili kinembe pamoja na mashavu ya ndani, ya tatu njia imezibwa ikabaki tundu dogo, ya nne ni mengineyo, kama kuchoma, kutoboa na kukwangua. Mnaona ni ushamba wa makaratasi? Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa WHO wa wazazi 28,393 katika nchi sita za Afrika. Waliokuwa na aina ya tatu, hatari ya kuvuja damu nyingi baada ya kuzaa ilizidi kwa asilimia 69, na ya mtoto kufa wakati wa kuzaliwa au kabla ya kutoka hospitali kwa asilimia 55, ukilinganisha na wasiokeketwa. Hayo yamejulikana kwa sababu kuna wakunga walitazama kabla ya uchungu kukolea, wakaandika aina.

Makarani, yenu ni mafupi. Kwenye ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, ukeketaji una Z91.7, lakini haitenganishi aina. ICD-11, orodha mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, ina GC51, na ndani yake kila aina ina mahali pake. Msibaki na O70 peke yake. Wekeni zote mbili, ya kuchanika na ya kukeketwa.

Kuna suala la kadi kwenda nyumbani, mama mkwe akaisoma. Suala zito kweli. Maelezo yabaki kwenye faili, kwenye kadi wekeni msimbo. GC51 mama mkwe ataigeuza juu chini mpaka achoke.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka: aliyezibwa njia hufunguliwa, na baada ya kuzaa hairudishwi kushonwa ikabana, hata mume aje na barua. Akizaa mtoto wa kike, zungumza na wazazi kabla hawajatoka wodini, hasa wakisema wanakwenda bara kwa bibi. Aina ya nne nilitaka kuieleza vizuri, haitawezekana leo.

Chukueni hizi karatasi, kila mmoja moja. Ni mgonjwa wa mfano, ana miaka 24, uchungu umeanza saa nane usiku. Wakunga mjaze, kisha mumpe karani aliyekaa karibu nanyi aweke msimbo bila kuwauliza neno.