Kina cha Mbegu ya Mahindi: Mhadhara kwa Wakulima wa Misungwi

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na vijana, asanteni kwa kuacha kazi mkaja. Vuli inakaribia, plau zinatengenezwa, na mimi nimekuja na jambo moja: mbegu ya mahindi ifukiwe kina gani.

Mtu ananunua mbegu bora, anatia mbolea, anapalilia mara mbili, lakini shamba linatoka na mahindi marefu na mafupi. Analaumu mbegu. Mara nyingi kosa liko kwenye kina.

Ng'oeni mche wenye majani matano, mkung'ute udongo. Chini kabisa, punje ilipokaa, kuna mizizi myembamba ya kuanzia maisha. Juu yake kuna kishina cheupe, halafu inaanza mizizi minene itakayoulisha na kuushikilia mmea mpaka mavuno. Ajabu ni kwamba ukifukia sentimita 4 au 8, mizizi hiyo minene hutokea karibu palepale, sentimita 2 hivi chini ya uso wa udongo. Kinachorefuka ni kile kishina, nacho hukoma ncha ya mche inapokutana na mwanga. Sasa wewe uliyefukia sentimita 2 tu, mizizi hiyo itakaa juujuu. Udongo ukikauka inashindwa kupenya, upepo ukivuma mahindi yanalala. Na panya wanafukua mbegu bila shida.

Huku kwetu wengi tunadondosha mbegu nyuma ya plau, mfereji unaofuata unafukia. Punje moja inakaa sentimita 5, ya jirani 15. Hiyo ya 15 inaishiwa akiba njiani. Fukueni kwenye pengo mtaona: jani limejikunjua humohumo ardhini, la manjano, limekunjamana. Ikibahatika kutoka, wenzake wameshaitangulia, wanaitia kivuli, na mwisho inabeba kigunzi kidogo au haibebi kabisa. Hilo ni gugu ulilolipanda mwenyewe! Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashimo karibu 18,000. Moja katika kila kumi likichelewa, ni mimea 1,800 inayokula mbolea yako bure.

Kwa hiyo sentimita 5, shamba zima. Kwenye luseni, mchanga unaokauka haraka, nendeni hadi 7. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, ukiwa na unyevu, 4 zinatosha, maana udongo ule ni mzito kuupasua. Plau ilime kwanza. Kupanda tumieni kamba na jembe la mkono, na kijiti chenye alama ya kupimia.

Mzee pale ameuliza kuhusu kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua. Inawezekana, mzee wangu, ila usifukie juujuu. Kimvua kidogo kitailowesha mbegu ianze kuota, kisha jua la siku chache liiue. Ikiwa sentimita 6 au 7 kwenye luseni, kimvua kile hakiifikii. Inasubiri mvua yenyewe.